Tangi la samaki kipindi cha kaskazi: jinsi ya kuyapoza maji

Kaskazi ikishashika, maji ya tangi la samaki lililoko sebuleni hapa Dar es Salaam huamka na nyuzijoto 28 au 29, na ikifika saa tisa alasiri yamekwishapanda hadi 31, pengine 32. Tanga ni hivyo hivyo, na Mombasa, na Lindi. Ukitumbukiza mkono husikii moto wala baridi, kwa hiyo ni rahisi kudhani mambo ni shwari. Samaki hana namna ya kulalamika. Atapanda juu ya maji na kuanza kuhema, na akifika hapo ujue ameteseka saa nyingi.

Nayaandika haya kwa mwenye tangi la kawaida la maji matamu, la lita 40 hadi 200 hivi, asiyeweza kuwasha kiyoyozi mchana kutwa, na ambaye umeme wake hukatika. Kuanzia Desemba hadi masika yaanze, mambo haya huyafanya kila siku, na nimeyapanga kwa utaratibu ule ule ninaoufuata mwenyewe.

Kama samaki wako wanahema sasa hivi, fanya haya kwanza, mengine utasoma baadaye. Zima taa ya tangi. Ondoa kifuniko. Chukua jagi, chota maji ya humo humo tangini, yamimine tena kutoka shubiri moja juu ya uso wa maji, na uendelee hivyo dakika kumi au kumi na tano bila kuchoka, kwa sababu kila ukimimina unaingiza hewa. Kama una ndoo ya maji yaliyokwisha kaa siku nzima, na yamepoa kidogo kuliko ya tangini, badilisha robo ya maji. Usiwape chakula. Usitupe mabonge ya barafu ndani. Wakishatulia na kushuka chini, endelea kusoma.

Joto linavyomuumiza samaki

Maji hubeba hewa, na kadiri yanavyopata moto ndivyo yanavyobeba kidogo. Lita moja ya maji matamu yenye nyuzi 20, ikiwa imeshiba hewa, ina miligramu 9 hivi za oksijeni. Kwa nyuzi 25 zinabaki 8 na kidogo. Kwa nyuzi 30 ni kama 7 na nusu. Upungufu huo peke yake samaki wengi wangeuvumilia. Lakini mwili wa samaki hauna joto lake mwenyewe: maji yakipata moto na yeye anapata moto, moyo unakwenda mbio, tumbo linasaga haraka, na hewa anayoihitaji huelekea kuwa maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Ghala linapungua siku ile ile mlaji anapozidisha kula.

Halafu kuna usiku. Mimea ya majini na mwani hutoa oksijeni mchana kwenye mwanga, lakini giza likiingia navyo vinaanza kuitumia pamoja na samaki. Kwa hiyo hewa huwa chache kuliko wakati wote karibu na alfajiri, ingawa kipimajoto saa hiyo kinaonyesha maji yamepoa.

Mimi hili nililijua kwa hasara. Februari ya mwaka mmoja nilikuwa na samaki wa dhahabu wanne kwenye tangi la lita 60. Niliamka kwa ajili ya swala ya alfajiri, nyumba kiza, umeme umekatika sijui tangu saa ngapi. Nilipomulika tangi kwa tochi ya simu niliwaona wote wanne wamesimama wima, mikia chini, midomo imeshika uso wa maji, inafunguka na kufumba. Mashavu yao yalikuwa yanapiga haraka haraka. Kifuniko cha kioo kilikuwa kimefungwa vizuri, kama nilivyokifunga kila usiku ili paka asiwafikie, na chini yake matone ya mvuke yametanda. Nikatazama kipimajoto: 29. Mchana wake kilikuwa kimesoma 32 na samaki walikuwa wakiogelea tu. Kabla jua halijatoka watatu walikuwa wamekufa. Tangu siku hiyo, joto likipanda jambo la kwanza ninaloshughulikia ni hewa, halafu ndipo napoza.

Hatua ya kwanza: pima kwa siku tatu

Nunua kipimajoto cha kioo cha kuelea au cha kunata ndani ya tangi kwa kinyonyeo. Ile karatasi nyeusi ya kubandika nje ya kioo isikudanganye, kwa sababu inasoma joto la sebule pamoja na la maji. Pima mara tatu: saa kumi na mbili asubuhi, saa tisa alasiri, na saa nne usiku. Andika kwenye daftari. Siku tatu zinatosha kukuonyesha maji yako yanapanda kiasi gani na yanashuka kiasi gani.

Kisha linganisha na samaki ulionao. Samaki wa dhahabu anatoka ukoo wa kapu wa China na raha yake ni nyuzi 18 hadi 24, kwa hiyo pwani yetu anaishi kwa kuvumilia. Tetra neoni wanapenda 20 hadi 26. Gapi na moli hawana shida mpaka 28. Beta, gurami na enjeli wanakwenda hadi 28 na hata 30 kama maji ni safi. Diskasi ndiye anayefurahia 28 hadi 30, na mwenye diskasi anaweza kuuruka nusu ya mwongozo huu.

Hapa niwatetee samaki wa Ziwa Tanganyika, maana nimewasikia wauzaji wakisema, "Huyu ni wetu wa Kigoma, joto analijua." Kigoma iko mita 770 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Maji ya juu ya ziwa lile hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 28 hivi, hayabadiliki upesi, na kwenye miamba wanakokaa samaki hao mawimbi yanapiga na kuingiza hewa usiku na mchana. Ukimweka kwenye tangi la lita 50 lenye nyuzi 32 na maji yaliyotulia tuli, Mtanzania mwenzako huyo atakufia mbele ya macho.

Hatua ya pili: acha kuyapasha moto mwenyewe

Joto lingine tunaliingiza wenyewe, na kuliondoa hakugharimu hata senti. Anza na hita. Matangi mengi huuzwa yakiwa na hita ndani, na mtu huichomeka kwa sababu imekuja nayo. Ichomoe kabisa ukutani, usiishushe tu kipimo, kwa sababu swichi yake ya ndani huweza kugandamana ikiwa imewaka na kuchemsha samaki usiku kucha.

Halafu taa. Iwashe kwa muda wa saa sita tu kila siku, na saa hizo uzisogeze ziwe za jioni, saa kumi na mbili hadi saa sita usiku, badala ya mchana ambapo sebule yenyewe inawaka moto. Taa za mirija za zamani hutoa joto jingi, kwa hiyo ukipata uwezo badilisha uweke za LED. Pampu ya kuzama majini nayo hutoa joto, na karibu umeme wote inaoutumia unaishia kuwa joto ndani ya maji. Tangi dogo likiwa na pampu kubwa, badilisha uweke filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa iliyokaa nje. Hapo unapata mambo mawili kwa mpigo: joto linapungua na mapovu yanaongezeka.

Mahali tangi lilipo pana uzito kuliko vyote hivyo. Lisiangaliane na dirisha la magharibi, maana jua la saa kumi ndilo kali kuliko yote kwa kioo. Lisiegemee ukuta unaopigwa na jua hilo kwa nje: tofali za saruji hunywa joto mchana na kulitema usiku, na ukiweka kiganja kwenye ukuta huo saa tatu za usiku utausikia bado wa moto. Lisikae juu ya jokofu wala kando ya mgongo wake. Na kama nyumba ni ya bati bila dari, litafutie chumba kilicho upande wa mashariki au chini ya kivuli cha mti. Tangi la lita 100 lina uzito wa kilo 100 na zaidi, kwa hiyo usilisogeze likiwa limejaa. Punguza maji hadi robo kwanza, la sivyo kioo kitapasuka kwenye maungio.

Hatua ya tatu: fungua mdomo wa tangi

Kifuniko cha kioo au plastiki hufungia joto na mvuke ndani. Kitoe, uweke wavu. Wavu mzuri ni ule wa madirishani wa kuzuia mbu, ulionyooshwa kwenye fremu ya mbao nyembamba iliyokatwa kwa kipimo cha tangi. Fundi wa madirisha atakutengenezea kwa dakika chache. Samaki hawarukii nje, paka hafiki, na hewa inapita.

Usitumie kipande cha chandarua chakavu. Vyandarua vingi tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki hata ikiwa kidogo mno na hata chandarua kikiwa kimefuliwa mara nyingi. Matone yakigusa wavu na kudondoka tena majini, umewapa sumu. Kwa sababu hiyo hiyo, tangi likiwa wazi usipulize dawa ya mbu chumbani humo wala usichome ile ya kuzunguka, hasa kama kuna feni inayovuma kuelekea kwenye maji.

Baada ya kufungua, tikisa uso wa maji. Elekeza mdomo wa filta juu ili maji yavunjike yanaporudi. Ongeza jiwe la mapovu, kile kijiwe chenye vitundu kinachounganishwa kwa mpira na pampu ya hewa. Hewa nyingi huingilia pale juu uso unapotikisika, na yale mapovu kazi yake kubwa ni kupandisha maji ya chini yafike juu. Hatua hii ifanye hata kama hutafanya nyingine yoyote.

Hatua ya nne: feni, na hesabu ya mtungi

Bibi yangu Pangani hakuwa na jokofu. Alikuwa na mtungi, ameuweka kwenye kichuguu cha mchanga pembeni mwa ukumbi, na kata imelazwa juu ya kifuniko. Mchana wa jua kali ungeshika tumbo la mtungi ukakuta limelowa jasho, na maji ya humo yalikuwa yanapoza koo. Sikukuu moja binamu yangu alitaka kuupendezesha, akaupaka rangi ya mafuta ya kijani. Ulipendeza kweli. Lakini maji yake hayakupoa tena, kwa sababu vinyweleo vilizibwa na mtungi haukuweza kutoa jasho.

Tangi la kioo ni mtungi uliopakwa rangi. Ubavuni halitoi jasho kabisa, na njia pekee ya mvuke kutoka ni mdomoni. Ndiyo maana tumeufungua, na ndiyo maana tunauwekea upepo. Kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto. Ni joto jingi kuliko mtu anavyodhani: lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto linalotosha kushusha lita 100 kwa karibu nyuzi 6. Sebule nayo hurudisha joto wakati huo huo kupitia kioo, kwa hiyo hutaziona zote sita. Hapa pwani natarajia nyuzi 2, nikibahatika 3.

Feni ya kutumia inaweza kuwa ndogo ya kuchomeka kwenye chaja ya simu, au ile ya kutolewa kwenye kompyuta mbovu, ya volti 12, upana wa sentimita 12, inayotumia wati chache tu. Ifunge kwenye ukingo wa tangi kwa waya au klipu, sentimita 10 hadi 15 juu ya maji, na uilaze ili upepo upite juu ya uso mzima na kutokea upande wa pili. Ikitazama chini moja kwa moja inapuliza sehemu moja tu. Pangaboi la darini husaidia kidogo, na feni ya mezani iliyowekwa hatua mbili kutoka kwenye tangi husaidia zaidi. Fungua dirisha. Mvuke ukibaki chumbani hewa hushiba, na ikishiba feni inazunguka bure.

Kabla ya kununua feni unaweza kujua itakushushia maji hadi wapi, na kipimo hiki ningependa kila mfugaji akijue. Chukua kipimajoto, kifunge kitambaa chepesi cha pamba kwenye kile kichwa chake, kiloweshe, ukisimamishe mbele ya feni yoyote kwa dakika kumi huku kitambaa kikiendelea kuwa kibichi. Kitashuka, kisha kitasimama. Pale kiliposimama ndipo chini kabisa ambapo upepo unaweza kukufikisha, na kwa kweli utaishia juu yake kidogo. Sebuleni kwangu, saa nane mchana ya Februari, hewa ilikuwa 32 na kitambaa kikasimama 27. Nilipojaribu Dodoma mwezi wa Oktoba hewa ilikuwa 31 na kitambaa kikashuka hadi 20. Upepo wa Dodoma ni mkavu, unafyonza. Mfugaji wa huko akiwasha feni usiku mzima bila kuangalia anaweza kuwapoza samaki kupita kiasi, wakati wa Tanga anapigania nyuzi mbili. Ukiona kitambaa chako kimesimama kwenye 29, usipoteze pesa kuongeza feni ya pili. Tafuta kivuli, tumia barafu, au washa kiyoyozi saa zile tatu za alasiri. Kiyoyozi hukausha hewa pia, na feni ndogo ikifanya kazi pamoja nacho huleta tofauti kubwa.

Nyaya zote zishuke kwanza chini ya usawa wa soketi kisha zipande, ili tone linalotiririka juu ya waya lidondokee sakafuni lisiingie kwenye umeme. Ekstensheni isilale chini ya tangi. Na chomoa kila kitu kabla ya kuingiza mkono majini.

Hatua ya tano: barafu, kwa siku mbaya tu

Barafu nzuri ni ya chupa iliyofungwa. Jaza chupa ya plastiki ya nusu lita, acha vidole vitatu juu kwa sababu maji yakiganda huvimba, ioshe nje bila sabuni, igandishe. Ikielea tangini hadi kuyeyuka yote, chupa moja ya namna hiyo hushusha tangi la lita 60 kwa nyuzi 1 hivi. Kwa lita 120 utahitaji mbili kupata nyuzi hiyo hiyo moja. Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kujaza friza: barafu haifui dafu kwa tangi kubwa, na kwa tangi dogo inaweza kuvuka mpaka.

Usishushe zaidi ya nyuzi 1 kwa saa. Samaki aliyetoka 32 akaingia 27 kwa dakika ishirini hupata mshtuko, anapoteza kinga, na siku chache baadaye unaona madoa meupe ukashangaa yametoka wapi. Mimi huanza kabla ya joto kufika kileleni: chupa ya kwanza saa sita mchana, ya pili saa nane. Maji yanabaki pale pale badala ya kupanda kisha kushushwa. Ukitoka kazini saa kumi na mbili jioni ukakuta 32, usikimbilie friza. Jua linakaribia kuzama, maji yataanza kushuka yenyewe, wewe washa feni na mapovu.

Barafu ya vipande iliyogandishwa kwa maji ya bomba ina klorini, na ile ya sokoni hujui imegandishwa kwa maji gani. Zote ziache.

Hatua ya sita: maji ya kujazia

Tangi lililo wazi na lenye feni hupungua. Langu la lita 100 hunywa lita moja hadi mbili kwa siku. Panga mapema utakayojazia yatatoka wapi, maana hapa wengi huharibu kazi yote ya wiki.

Simtanki likiwa juu ya paa, maji yatokayo bombani saa nane mchana yanaunguza mkono. Kinga saa kumi na moja alfajiri, yakiwa yamelala usiku mzima. Yaweke kwenye ndoo yenye mdomo mpana, wazi, siku nzima na usiku wake ili klorini itoke, au tumia matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwenye maduka ya samaki. Baada ya hapo mimi huyahamishia kwenye mtungi wa udongo usiopakwa rangi wala kung'arishwa ndani, unaotumika kwa kazi hiyo tu. Asubuhi ya pili maji yamepoa kuliko ya tangini kwa nyuzi mbili tatu, na ndiyo ninayojazia, kikombe kwa kikombe. Asiye na mtungi aizungushie ndoo gunia lililoloweshwa na kuiweka penye upepo. Kazi ni ile ile.

Kumbuka kinachoondoka kwa mvuke ni maji matupu, na chumvi zote zinabaki. Ukiwa unajazia maji ya kisima ya chumvichumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya Dar es Salaam, kila wiki maji ya tangi yanazidi kuwa na chumvi. Kwa kujazia tumia maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, au maji ya bomba yasiyo na chumvi. Na kujazia si kubadilisha. Bado kila wiki toa robo ya maji ya zamani, ukinyonya uchafu chini, uweke mapya. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi yanaonekana safi lakini yamepita kwenye mirija ya shaba na vibati vya alumini, na shaba huua kamba na kudhuru samaki. Mwagilia maua.

Hatua ya saba: punguza chakula

Nusu ya kawaida, mara moja kwa siku, asubuhi baada ya jua kutoka. Siku maji yakivuka 31 wasile kabisa. Samaki mzima mwenye afya anakaa siku mbili tatu bila kula asidhurike, lakini chakula kilichobaki chini kinaoza upesi kwenye joto na kula oksijeni. Tena amonia inayotoka kwenye uchafu wao inazidi kuwa sumu maji yakipata moto: kwa maji yenye pH 8 (kipimo cha ukali wa asidi ya maji), kati ya kila sehemu 100 za amonia zilizo za sumu kali ni 5 hivi kwa nyuzi 25, na kwa nyuzi 30 zinazidi 7.

Umeme ukikatika

Nimepoteza samaki kwa sababu ya pampu iliyozimika, kwa hiyo hapa sibahatishi. Kuna pampu ndogo za hewa za kutumia betri za tochi, na nyingine za kuchomeka kwenye pawabenki. Nunua moja. Pawabenki yenye chaji kamili huendesha pampu ndogo ya hewa usiku kucha. Wenye sola ya nyumbani yenye betri ya volti 12 wana bahati, maana feni ya kompyuta inachomekwa humo moja kwa moja. Kati ya feni na mapovu, umeme wa akiba ukiwa mdogo, toa kwa mapovu.

Kama huna chochote, kazi ni ya jagi. Mimina dakika tano kila nusu saa, na uwaelekeze walio nyumbani wafanye hivyo usipokuwepo. Dada wa kazi au mtoto wa darasa la nne akionyeshwa mara moja anaweza. Bandika karatasi ukutani kando ya tangi: zima taa, toa kifuniko, mimina, usilishe.

Tazama filta pia. Ikizimika zaidi ya saa chache kwenye joto, bakteria wema wanaokaa kwenye sponji huanza kufa na maji ya ndani huoza. Umeme ukirudi baada ya usiku mzima, fungua filta kwanza, isuuze sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, kisha ndipo uiwashe. Ukiiwasha bila kuisuuza, inamwaga uozo wote tangini.

Kuhusu chila, na samaki wa kuanza nao

Wengi huniuliza kama wanunue chila, ile mashine ya kupoza maji kama jokofu. Inafanya kazi kweli. Lakini ni ghali, inakula umeme, na joto inalolitoa majini inalitema sebuleni, kwa hiyo bila dirisha wazi inapambana na yenyewe. Mwenye tangi la maji ya bahari lenye matumbawe hana namna, kwa sababu matumbawe yakikaa juu ya nyuzi 30 siku kadhaa hupauka na kufa. Kwa maji matamu fedha hiyo inunue tangi kubwa zaidi. Lita 150 hupata moto polepole kuliko lita 40 na hupoa polepole, na samaki wanapata muda wa kuzoea.

Na kama bado hujaanza kufuga, usianze na samaki wa dhahabu mwezi wa Januari, hata akipendeza namna gani pale dukani. Anza na gapi, au gurami. Gurami na beta wana kiungo maalumu kichwani cha kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo siku hewa ya majini ikipungua wanapanda, wanameza pumzi, wanashuka. Wao wakifanya hivyo usishtuke, ndivyo walivyoumbwa. Samaki wengine wote wakifanya hivyo, shika jagi.

Masika yakianza

Mwishoni mwa Machi au Aprili mvua kubwa zikishuka, hewa hupoa kwa jioni moja. Feni iliyozoea kuvuma usiku kucha inaweza kuyateremsha maji kuliko ulivyokusudia, kwa hiyo izime usiku kwanza, na baada ya wiki moja izime mchana pia. Kifuniko kirudi nusu nusu. Chakula kiongeze pole pole, kwa siku kumi hivi, ukitazama kama kinamalizika ndani ya dakika mbili. Feni ifute vumbi na chumvi kwa kitambaa kikavu, itie tone la mafuta ya cherehani kwenye mhimili, uifunge kwenye mfuko. Hita iache hivyo hivyo, imechomolewa. Hata kusi ikivuma Julai, maji ya tangi hapa pwani kwa kawaida hayashuki chini ya nyuzi 22, na gapi hawahitaji zaidi ya hapo.